Kipande Namba 214

Kimeletwa kwenye kichupa, kinaelea ndani ya fomalini,
chembamba kama njiti ya kiberiti.
Fomu inasema: Twilumba Mligo, miaka thelathini na minne,
mkulima wa viazi, Uwemba. Macho manjano tangu Machi.
Homa ya ini B, hasi. C, hasi.
Na chini, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa mtu mwingine:
Ulanzi?

Alama hiyo ya kuuliza naijua.
Ilikaa nasi Kilolo matanga yote ya baba,
shangazi zangu wakihesabu vidumu alivyokunywa
badala ya siku alizolala bila kula.

Baridi ya Julai inashuka kutoka Loleza,
maji ya bomba yanauma,
nta inaganda kabla sijamaliza kumimina.
Nakata. Ini la mtu linatoka utepe
mwembamba kuliko ganda la kitunguu.
Naliogesha rangi: zambarau kwa viini, waridi kwa kilichobaki.
Ambakisye anauliza mlangoni kama nimekunywa chai.
Sijanywa.

Nainama kwenye darubini.

Wako wengi.
Vidoa vya zambarau vimebanana kila njia panda,
pale mshipa na mfereji wa nyongo hukutana,
kama watu waliosikia yowe usiku wakatoka na virungu.
Shuleni mwalimu Kaduma alichora duara kwa chaki:
hawa ni askari wa mwili.
Nikaandika askari, nikapata vema.
Hakusema askari hula nini siku ambayo mwizi hayupo.
Hakusema wanaweza kuvuka uzio.
Nauona hapa, uzio uliotafunwa,
seli za ini zimezingirwa moja moja, zimesinyaa,
mwenye nyumba anadaiwa kitambulisho sebuleni kwake.

Kuna na wale wakazi wa zamani, wafagiaji,
wanaoishi kwenye vijia vya damu maisha yao yote
wakiokota kila taka inayopanda kutoka tumboni.
Nao wamevimba. Nao wanaita,
na kila aliyeitwa anaita mwingine.
Nyuma yao washonaji wameshaanza: uzi, uzi, uzi,
kovu linatambaa kutoka mlango hadi mlango.

Nilitaka kuwachukia, nikashindwa.
Hasira ni neno letu, wao hawana.
Limfosaiti haimjui Twilumba;
ndiyo shida yenyewe.

Mafuta sioni. Alama za mnywaji sioni.
Kwa lugha yetu, anayesemwa vibaya hukatwa maini.
Huyu amekatwa mara tatu:
kwa maneno, kwa sindano, kwa kisu changu.

Naandika: uvimbe mkali mpakani, seli za plazma nyingi,
yaelekea kinga ya mwili inajishambulia,
tafadhali oanisha na vipimo vya damu.
Lile neno jekundu siruhusiwi kulifuta.
Nalizungushia duara, nachora mstari hadi pembeni,
naandika: Hapana.
Nasaini. Saa nne na dakika kumi.

Oktoba mwanamke anasimama dirishani kwetu na kadi yake,
uso umekuwa mviringo kwa prednisoloni, mashavu kama ya mtoto.
"Mwanzo walisema mlevi," anamwambia Ambakisye,
"sasa wanasema nimepata mume mwenye hela."
Anacheka, anafunika mdomo kwa kitenge.
Macho yake meupe.
Nasoma jina kwenye kadi, nanyamaza.
Utamwambiaje mtu: mimi nalijua ini lako,
nimelitazama asubuhi nzima kabla ya chai?

Anashuka ngazi kuelekea stendi, basi la Njombe ni saa sita.

Baba alikunywa, sikatai.
Lakini waliuliza,
na hakuna aliyekata kipande.